Nyingine (Eleza)

Fomu ya kutohudhuria ina visanduku vinne:
Ugonjwa. Msiba. Uzazi. Nyingine.
Mbele ya Nyingine kuna nukta.
Nilizihesabu siku umeme ulipokatika: thelathini na nane.
Ndiyo nafasi ya maisha ya mtu hapa kwetu,
dawati la ustawi, chini ya ngazi,
mlango unaobana kila masika.

Nkwabi Mhoja, mwaka wa pili, takwimu,
uliingia saa tano na nusu unanuka vitunguu,
ukasimama kana kwamba kiti kina mwenyewe.
Nikakuambia kaa. Ukakaa nusu.

Karatasi za mahudhurio zilikuwa mbele yangu.
Wiki ya tatu upo. Ya nne upo. Ya tano, ya sita,
upo, upo, jina limenyooka kama shati la pasi,
ile k ina mkia mrefu wa kujivuna.
Mwalimu wako anaapa hajawahi kukutia machoni.
Nikakuuliza: wewe ni yupi,
wa kwenye karatasi au wa kwenye kiti?

Ukatazama feni.

Kisha ukasema, si kwangu, kwa feni,
kwamba bumu halijaingia tangu chuo kifunguliwe,
kwamba cheti kinasema Mhoja na mfumo unasema Muhoja,
na kwa herufi moja baba yako amekuwa watu wawili.
Bodi wanataka kiapo cha wakili,
wakili anataka elfu hamsini,
na elfu hamsini ipo Mabibo sokoni
saa nane za usiku, malori yakishusha vitunguu,
mia tatu kwa gunia, shingo na gunia,
hadi adhana ya alfajiri.
Kipindi kinaanza saa moja.
"Nikikaa tu, mama, nalala.
Afadhali nisiwepo
kuliko kumkoromea mwalimu."

Na anayekusainia?
Ukanyamaza kimya cha mtu aliyeegemea mlango
ili usifunguke.
Nikadhani namjua: yule kijana wa kantini
anayelipia sahani moja ya wali maharage
halafu anaomba vijiko viwili.

Miaka kumi na saba nipo mezani hapa.
Kanuni naijua: robo tatu ya vipindi, au huoni mtihani.
Kughushi sahihi ni kamati, na kamati ni Alhamisi.
Kanuni si mbaya.
Haijabeba gunia tu.

Nikaandika. Nukta zikaisha kwenye neno herufi.
Nikapanda pembeni, nikauzunguka muhuri,
nikageuza karatasi, nikachukua rula,
nikachora mistari ambayo chuo hakikuilipia,
nikaijaza yote: wakili, shingo, feni,
hata mia tatu nikaiandika kwa tarakimu na kwa maneno
kama wanavyotaka benki.
Jina la rafiki sikuliuliza.
Nukta zenyewe hazikuliuliza.

Mwaka juzi nilimwomba mpiga chapa aongeze mistari.
Alisema itamwagikia ukurasa wa pili,
na bajeti, bibie, ni ya ukurasa mmoja.

Mwisho nikakupa kalamu: weka sahihi.
Vidole vya malengelenge vikaishika
kama mpini wa sufuria iliyotoka jikoni.
N ikayumba. k ikavunjika goti.
Mhoja akalala chini ya mstari, hoi,
nawe ukaitazama ukacheka kidogo,
cheko la kwanza, ukasema: ya kwake ni nzuri zaidi.

Leo Ijumaa fomu imerudi kwenye trei.
Nyuma hawakugeuza; mistari yangu ingali misafi,
haina alama ya jicho wala kalamu.
Mbele, kwa wino mwekundu:

Sahihi hailingani na ya karatasi za mahudhurio.
Mhusika aje mwenyewe.